Namna ya kusoma utafiti wa sigara usipigwe changa la macho

Kila baada ya muda kuna meseji inazunguka kwenye magrupu, "watafiti wamegundua" sigara fulani haina makali kama zingine, shisha inachujwa na maji, moja kwa siku haina neno, na anayeituma anaamini kabisa maana imeandikwa neno utafiti na ina asilimia mbili tatu ndani yake. Naandika hii kwa mwanafunzi anayeandaa ripoti ya chuo, mwandishi wa habari, muuguzi wa zahanati, au mtu tu ambaye kaka yake anavuta na anataka kumwambia kitu cha kweli. Huhitaji udaktari. Unahitaji maswali machache na kujua pa kuchungulia, na swali la kwanza, ambalo ukiliruka mengine yote yanaenda kombo, ni nani alivuta hiyo sigara.

Nani alivuta

Maana kwenye utafiti wa moshi wavutaji wako wa aina nne, mashine, seli zilizooteshwa kwenye kisahani cha maabara, wanyama hasa panya, na watu. Kila mmoja ana anachoweza kukuambia na asichoweza. Seli na panya wanakuonyesha njia, yaani kemikali ikishaingia inafanya nini, kama ule utafiti wa 1996 wa kwenye seli ulioonyesha kwamba benzopirini, moja ya kemikali za kwenye moshi, ikishabadilishwa na mwili inajishikiza kwenye p53, jeni inayolinda seli zisigeuke saratani, sehemu zilezile zinazokutwa zimeharibika kwenye saratani ya mapafu. Hiyo ni kazi kubwa sana. Lakini seli hazikuambii mtu wa Temeke anayevuta nane kwa siku yuko kwenye hatari kiasi gani, hilo linatoka kwa watu peke yake.

Mashine ndo inayochanganya watu zaidi kwa hiyo tukae hapo. Ni kifaa cha maabara kinachoshika sigara, mara nyingi 20 kwa mpigo, kinazivuta zote kwa kipimo kimoja. Kwa utaratibu wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, mvuto mmoja ni mililita 35, unachukua sekunde 2, unarudiwa kila baada ya dakika 1, mpaka kibaki kipisi cha urefu uliopangwa. Kabla ya hapo sigara zinalazwa angalau saa 48 kwenye chumba chenye nyuzijoto 22 na unyevu wa asilimia 60 ili zote ziwe sawa. Moshi unapitishwa kwenye kipande cha nyuzi za kioo cha kipenyo cha milimita 44 ambacho kinanasa chembechembe, wanakipima uzito, wanatoa maji, wanatoa nikotini, kile kinachobaki ndo kinaitwa lami. Kwa hiyo ukisikia "miligramu 8 za lami" ujue lami sio kemikali moja, ni mabaki ya hesabu, mkusanyiko wa maelfu ya vitu, na moshi mzima wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000 ambazo kama 70 zinajulikana kuleta saratani.

Sasa jiulize umewahi kumuona nani anavuta hivyo, mvuto mdogo wa sekunde mbili halafu anakaa dakika nzima anaiangalia sigara inaungua. Hamna. Mtu akiwa na mawazo anavuta kwa nguvu na kwa haraka, sigara ya baada ya kula anaivuta taratibu, ya kwenye kituo cha basi anaimaliza kabla gari halijafika. Canada waliliona hilo wakaweka utaratibu mkali zaidi, mililita 55, kila baada ya sekunde 30, na vitobo vya hewa vya kwenye kichungi, nitavieleza hapo chini, vimezibwa vyote. Sigara ileile moja ukiiweka kwenye utaratibu wa ISO inakupa namba ndogo, ukiiweka kwenye huu wa Canada namba inapanda sana, na sigara haijabadilika chochote.

Kwa hiyo ukipewa jedwali lenye miligramu, usilitazame bado. Shuka mpaka sehemu wanayoeleza walivyofanya kazi, tafuta namba hizi, mililita 35 na sekunde 60, au mililita 55 na sekunde 30. Ukikuta za kwanza ujue unasoma namba za chini kuliko za mtu halisi. Hata zile za pili sio mtu, ni mashine inayojikaza zaidi, zinafaa kulinganisha sigara na sigara, basi. Marekani wenyewe, tume yao ya biashara FTC, walianza kupima kwa njia inayofanana na ya ISO mwaka 1967 na mwaka 2008 wakaondoa baraka zao kwenye namba hizo, baada ya miaka 41 ya watu kuchagua sigara kwa kuzitazama.

Vitobo, viangalie kwa macho yako

Hili usiliamini kwa kusoma tu, unaweza kuliona mwenyewe na huhitaji kuvuta. Chukua sigara moja isiyowashwa, bandua taratibu ile karatasi ya rangi ya kahawia au nyeupe inayozunguka kichungi, inyooshe, iweke mbele ya tochi ya simu. Kwenye aina nyingi utaona mstari wa vitobo vidogo mno, wakati mwingine mistari miwili, kama sentimita moja na kitu kutoka upande wa mdomo. Kazi yake ni kuingiza hewa ya nje wakati wa kuvuta ili moshi uchanganyike na hewa. Sigara zilizokuwa zinaitwa "lights" nyingi siri yake ilikuwa hiyo, tumbaku ya ndani ina nikotini ya kutosha kama kawaida, ila vitobo ni vingi zaidi.

Mashine inashika ncha tu ya kichungi, vitobo vinabaki wazi, hewa inaingia, namba inashuka. Mtu anashika kwa vidole viwili na kubana kwa midomo, palepale kwenye vitobo. Watafiti akina Lynn Kozlowski waligundua unaweza kusoma hili kwenye vipisi vilivyotupwa. Okota kipisi cha sigara ya vitobo, tazama kichungi upande wa mdomoni, kama vitobo vilikuwa wazi utaona doa jeusi katikati na pete nyeupe kuzunguka ukingo, kama vilizibwa rangi imejaa mpaka pembeni kabisa. Nenda nje ya baa yoyote asubuhi uangalie vipisi vilivyoko chini, utajionea kuna vya kila namna.

Na hata asiyeziba vitobo bado anapata nikotini yake, kwa sababu ubongo ndo unaodai. Moshi ukiwa mwepesi mtu anavuta kwa kina zaidi, anabana pumzi, anaongeza mivuto, anamaliza mpaka karibu na kichungi, na hayo yote anafanya bila kupanga. Neal Benowitz na wenzake kule California mwaka 1983 walipima damu za wavutaji wakalinganisha na namba za kwenye pakiti zao, wakakuta waliokuwa wanavuta sigara za "nikotini kidogo" hawakuwa wanaingiza nikotini kidogo. Michael Russell wa hospitali ya Maudsley London alikuwa ameshasema tangu 1976 kwamba watu wanavuta kwa ajili ya nikotini ila wanauawa na lami. Ukiziweka hizo mbili pamoja unaelewa kwa nini sigara nyepesi haikuwa msaada, mtu anaifukuzia nikotini ileile na kila mvuto wa ziada unamletea lami.

Mimi nina baba mdogo ambaye alihamia pakiti nyeupe kwa nia njema kabisa, akawa anatuambia wanangu mimi sasa nimepunguza. Hakuna aliyemdanganya kwa mdomo. Pakiti ilitosha.

Ndo maana mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kufanya kazi Februari 2005, unazitaka nchi zizuie maneno kama light na mild. Ulaya waliyazuia 2003, Marekani 2010. Yalipoondoka maneno zikabaki rangi, Marlboro Lights ikawa Marlboro Gold, na wavutaji wanajua vizuri tu dhahabu ni ile ya zamani. Kwa hiyo ukisoma utafiti unaosema watu wanaovuta pakiti za rangi fulani "wanajisikia" kifua chepesi, angalia kama walipimwa kitu au waliulizwa tu. Moshi uliochanganywa na hewa unahisika laini kooni, hilo ni kweli, ila hisia ya kooni haipimi kinachofika kwenye mapafu.

Kuna tofauti moja hapa nakuomba uishike maana hata waandishi wazoefu inawapita. Nikotini inayotoka kwenye mashine ni kitu kimoja, nikotini iliyomo kwenye tumbaku ni kitu kingine. Ukipunguza ya kwanza kwa vitobo mtu anaifidia. Ukipunguza ya pili, yaani tumbaku yenyewe haina kitu, hata avute vipi hapati. Mwaka 2015 Eric Donny na wenzake walichapisha jaribio la watu 840 Marekani, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa sigara za kawaida zenye miligramu 15.8 za nikotini kwa kila gramu ya tumbaku, wengine za 0.4. Baada ya wiki 6 wale wa 0.4 walikuwa wanavuta wastani wa 14.9 kwa siku, wale wa kawaida 21.3. Ukiona kichwa cha habari "sigara zenye nikotini kidogo zinasaidia" na kingine "sigara zenye nikotini kidogo ni uongo", vyote viwili vinaweza kuwa sahihi, vinazungumzia sigara mbili tofauti.

Utafiti wa watu unavyofanyika

Huwezi kuchukua watu ukawalazimisha nusu wavute miaka thelathini ili uone nani atakufa. Kwa hiyo watafiti wana njia za kuzunguka, na ukizijua mbili utaelewa karibu kila unachosoma.

Ya kwanza unaanzia kwa mgonjwa unarudi nyuma. Richard Doll na Austin Bradford Hill walipita hospitali za London, wakawahoji wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wa magonjwa mengine wenye umri na jinsia sawa, wakachapisha 1950. Wenyewe mwanzoni walikuwa wanafikiria labda ni lami ya barabarani au moshi wa magari. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu waliokuwa hawajawahi kuvuta walikuwa 2 tu, na kati ya 649 wa kulinganisha nao walikuwa 27. Udhaifu wa njia hii ni kwamba anayehoji akijua huyu ana saratani anaweza kumbana maswali zaidi, na mgonjwa naye anaweza kukumbuka kwa namna ya kutafuta sababu. Sasa tazama walivyojilinda, na kwangu hii ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye ile kazi. Kulikuwa na wagonjwa ambao wakati wanahojiwa iliaminika wana saratani ya mapafu, baadaye ikaonekana hawana. Kama wahojaji ndo walikuwa wanapindisha, hawa nao wangeonekana wavutaji wakubwa. Hawakuonekana hivyo, uvutaji wao ulifanana na wa kundi la kulinganisha. Doll mwenyewe aliacha kuvuta kazi ikiwa bado inaendelea.

Njia ya pili unaanza na wazima unawasubiri. Oktoba 1951 hao hao wawili waliwaandikia madaktari wa Uingereza, zaidi ya 40,000 wakajibu, wakafuatiliwa miaka 50. Taarifa ya mwisho ya 2004 ilionyesha waliovuta maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta, na aliyeacha akiwa na miaka 60, 50, 40 au 30 alirudishiwa kama miaka 3, 6, 9 na 10. Ukisoma utafiti wa aina hii uliza walifuatiliwa muda gani, na wangapi walipotea njiani, maana saratani ya mapafu inachukua miongo na utafiti wa miaka miwili unaosema "hatukuona saratani" haujasema chochote.

Ukishafika kwenye hatari yenyewe, uliza mara ngapi ya nini. "Hatari inaongezeka mara mbili" haina maana mpaka ujue ilianzia wapi. Doll na Richard Peto kwenye kazi yao ya 2000 waliiweka wazi, mwanaume Uingereza anayeendelea kuvuta ana uwezekano wa asilimia 16 kufa kwa saratani ya mapafu kabla ya miaka 75, aliyeacha akiwa na 60 asilimia 10, 50 asilimia 6, 40 asilimia 3, 30 asilimia 2. Namba hizi zinajibu ile hoja ya babu yangu alivuta mpaka miaka 90. Asilimia 16 maana yake wengi hawapati saratani ya mapafu, kwa hiyo huyo babu yupo na wala hapingani na utafiti. Ila sigara haiui kwa mapafu tu, moyo, kiharusi, kifua kinachobana mtu ashindwe kupanda hata ngazi, na ukijumlisha vyote angalau nusu ya wanaoendelea kuvuta wanauawa nayo. Mtu akikuletea asilimia ya ugonjwa mmoja muulize na magonjwa mengine umeyaweka wapi.

Hapohapo kuna suala la moja kwa siku. Akili inakuambia ukishuka kutoka 20 mpaka 1 hatari inashuka mpaka sehemu moja ya ishirini. Kwa saratani ya mapafu kupunguza kunasaidia kwa kiasi, ila moyo hauko hivyo. Mwaka 2018 Allan Hackshaw na wenzake walikusanya tafiti 141 wakakuta anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo wa 20. Kwa hiyo ukisoma "kupunguza kunasaidia" tafuta ni kwa ugonjwa gani.

Walijuaje kwamba anavuta

Swali dogo hili ndo linalobomoa tafiti nyingi. Watu wanaficha, hasa mjamzito, mwanafunzi, mama mtu mzima, au mtu aliyeambiwa na daktari aache. Kwa hiyo utafiti mzuri hauishii kuuliza, unapima.

Kipimo cha bei nafuu ni cha pumzi. Mtu anapuliza kwenye kifaa kinasoma monoksidi ya kaboni, ile gesi inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inakaa mwilini saa chache tu, kwa hiyo aliyevuta jana mchana akaja leo jioni anaweza kuonekana msafi. Na kwetu kuna mtego, mama aliyetoka kupika na jiko la mkaa kwenye chumba kisicho na dirisha, au fundi anayeshinda na moshi wa pikipiki, naye gesi yake inaweza kuwa juu na hajawahi kugusa fegi. Ukiona utafiti wa Afrika Mashariki umetumia pumzi peke yake, tafuta kama waliuliza wanapikia nini.

Kipimo cha pili ni kotinini, kitu kinachobaki mwili ukishaivunja nikotini, kinapimwa kwenye mate, damu au mkojo. Nikotini yenyewe inapungua nusu kwa kama saa 2 lakini kotinini inachukua saa 16 au zaidi, ndo maana inapendwa. Udhaifu wake ni kwamba haijui nikotini imetoka wapi, mtu wa ugoro, wa shisha, wa sigara ya umeme, hata aliyebandika plasta ya nikotini ili aache, wote wanasomeka.

Halafu soma kwa makini wanamhesabu nani. Uchunguzi wa kitaifa wa watu wazima Kenya wa 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wa kuanzia miaka 15 wanatumia tumbaku, wanaume 19.1, wanawake 4.5. Mwandishi mwenye haraka anaandika asilimia 4.5 ya wanawake Kenya wanavuta sigara. Sio kweli. Wanaovuta walikuwa asilimia 0.8, wengine karibu wote ni tumbaku isiyovutwa, ugoro na ya kutafuna. Ukikosea hapo unapeleka mabango ya "usivute" kwa bibi ambaye hajawahi kuwasha kiberiti kwa ajili ya sigara, na ugoro wake ukabaki bila kuguswa.

Nani alilipa

Hapa nitasema bila kuzunguka, kwenye sigara swali hili ni zito kuliko kwenye mada nyingine yoyote ya afya ninayoijua. Baada ya panya waliopakwa lami ya sigara kuota saratani mwaka 1953, makampuni ya Marekani yaliungana, na tarehe 4 Januari 1954 yakaweka tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400 yakiahidi kufadhili utafiti ili ukweli ujulikane. Wananchi wakaona hawa watu waungwana. Nyaraka za ndani zilizokuja kutolewa kwa nguvu ya mahakama zinaonyesha kingine. Ipo karatasi ya 1969 kutoka Brown & Williamson inayosema wazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yetu. Ipo ya Claude Teague, mkemia wa R.J. Reynolds, ya 1953, anaeleza faida ya kibiashara ya kichungi kinachobadilika rangi kikivutwa ili mvutaji aone kama kinafanya kazi, hata kama hakijaongeza kuchuja. Ile rangi ya kahawia ambayo watu wanaitazama wanasema afadhali imebaki kwenye kichungi.

Na pesa inabadilisha majibu, hilo limepimwa. Deborah Barnes na Lisa Bero mwaka 1998 walichambua mapitio 106 kuhusu moshi wa kuvutishwa, yaani madhara kwa asiyevuta anayekaa na mvutaji. Mapitio 39 yalisema hauna madhara. Kati ya hayo 39, 29 yaliandikwa na watu wenye uhusiano na makampuni ya tumbaku.

Usidhani ni mambo ya zamani. Mnakumbuka 2020 wakati wa Corona ilivyosambaa kwamba wavutaji hawapati, nikotini inakinga, mpaka Ufaransa serikali ikabidi iweke kiwango cha plasta za nikotini mtu anazoweza kununua. Moja ya makala zilizokuwa zinatajwa ilikuwa kwenye jarida kubwa la magonjwa ya kifua la Ulaya, na Machi 2021 jarida likaiondoa kwa sababu waandishi wawili hawakusema kwamba walikuwa na uhusiano na sekta ya tumbaku. Kuondolewa huko hakukupita kwenye magrupu.

Namna ya kuangalia ni hivi. Fungua makala yenyewe sio habari ya makala, nenda mwishoni kabisa, kuna sehemu ya mgongano wa maslahi na nyingine ya ufadhili. Jina la taasisi usilolijua lisikutoshe, litafute Google uone nani anaiwekea pesa, kuna taasisi zenye majina mazuri ya afya na dunia isiyo na moshi ambazo mfuko wake ulitoka kampuni ya sigara. Kisha tafuta kama makala imeondolewa au imesahihishwa, PubMed, ule mtandao wa kutafutia makala za kitabibu, inaonyesha juu kabisa kwa herufi kubwa. Na kama unataka kuchimba zaidi, Chuo Kikuu cha California San Francisco wameweka nyaraka za ndani za makampuni hayo mtandaoni, zaidi ya milioni 14, bure, unaandika tu neno la kutafuta. Andika Tanzania, andika Kenya, andika Uganda, tenga mchana mzima.

Shisha na hivi vitu vipya

Kwenye shisha ukisoma "maji yanachuja" uliza yanachuja nini. Monoksidi ya kaboni inapita, na inatoka nyingi maana juu pale kuna mkaa unaowaka. WHO walishaeleza tangu 2005 kwamba kikao kimoja kinaweza kuchukua dakika 20 mpaka 80 na mivuto 50 mpaka 200, na mivuto yenyewe ni mikubwa kuliko ya sigara. Kenya waliipiga marufuku Desemba 2017.

Kwa sigara za umeme na tumbaku ya kupashwa moto shika kitu kimoja, kemikali kupungua sio sawa na madhara kupungua kwa kiasi hichohicho. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, waliruhusu IQOS, kifaa cha kupasha tumbaku moto, itangazwe kwamba mtu akihamia kabisa anakutana na kemikali chache, lakini walikataa itangazwe kwamba inapunguza hatari ya ugonjwa. Ile "salama kwa asilimia 95" ya sigara za umeme inayotajwa kila mahali ilitokana na jopo la wataalamu waliokaa wakakadiria, hakuna aliyeipima kwenye mwili wa mtu.

Ukiwa wewe ndo unafanya utafiti

Kwa mwanafunzi, usianze na dodoso la kunakili kutoka Ulaya. Swali la "pakiti ngapi kwa siku" kwetu halifanyi kazi, watu wananunua moja moja dukani, uliza jana ulivuta ngapi, na juzi. Swali lenye nguvu kuliko yote ni rahisi, ukishaamka unakaa muda gani kabla ya kuvuta ya kwanza. Limo kwenye kipimo cha Fagerström cha 1991, ndani ya dakika 5 ni pointi 3, dakika 6 mpaka 30 ni 2, 31 mpaka 60 ni 1, zaidi ya hapo 0. Pamoja na idadi kwa siku, 10 au chini 0, 11 mpaka 20 ni 1, 21 mpaka 30 ni 2, 31 na kuendelea 3, tayari una picha nzuri ya utegemezi kwa maswali mawili. Ila wa moja moja anaweza kuwa na idadi ndogo kwa sababu ya hela tu na sio kwa sababu hajazoea, kwa hiyo zisome pointi za swali la asubuhi peke yake pia.

Uliza ugoro, shisha na vya kutafuna kila kimoja kwa jina lake, na kwa jina la mtaa huo, ukiuliza "unatumia tumbaku" kuna anayekataa kabisa na kakopo kako mfukoni. Muhoji mtu akiwa peke yake, mama mkwe akiwa pembeni hupati jibu. Kibali cha maadili unakiomba mapema, Tanzania bara kwa masuala ya afya ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Kenya kamati ya maadili iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na inachukua muda kuliko unavyodhani.

Ukipata kifaa cha pumzi andika kwenye ripoti ni cha aina gani na umeweka mpaka wapi, wengine wanasema mvutaji ni kuanzia ppm 6 (sehemu 6 kwa milioni), wengine 10, na usipoandika hakuna atakayeweza kulinganisha kazi yako na nyingine. Andika saa uliyompima, andika alipikia nini, na ukimaliza muonyeshe mtu namba yake palepale umweleze maana yake kabla hajaondoka.